Inkongoro ya Udongo

Gunia lilitua juu ya viatu vyeupe, na mwenye viatu akapiga kelele mpaka wamama wanaouza sambaza, visamaki vya ziwani, wakageuka.

Ilikuwa Kituku, bandari ndogo ya Goma, saa mbili asubuhi. Boti ya kisiwa cha Idjwi ilikuwa ikishusha mananasi, mbuzi na watu, vyote kwa fujo moja. Héritière alikuwa amepanda ngazi za mawe akiwa na gunia mgongoni, kitenge cha njano amekikaza juu ya magoti, miguu imelowa. Kamba ikakatika. Udongo mweusi wa bondeni, uliofungwa kwa majani ya migomba, ukapasuka juu ya raba za kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi kali.

"Dada! Hizi viatu nilinunua juzi!"

"Basi zilikuwa zinangoja ubatizo."

"Unabeba nini humu, mutu aliyekufa?"

"Udongo."

"Udongo? Goma yote ni mawe ya volkano, na weye unaleta udongo na boti?"

"Ni kwa sababu Goma yote ni mawe. Kwenu hawafundishe kufikiri?"

Kijana akacheka bila kutaka. Aliitwa Tuyisenge, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mkaa kuliko huo udongo.

"Ninachora," akaeleza, akivificha nyuma. "Na makala."

"Makala ya kupikia?"

"Ile ile. Bei ikipanda, nachora vitu vidogo."

Hapo Héritière naye akacheka, na adhabu ya kucheka kwake ilikuwa kumwachia Tuyisenge abebe gunia mpaka kwake, mtaa wa Murara.

Wiki zilizofuata telefone hazikupumzika.

"Bébé, umekula?"

"Nimekula vumbi. Weye?"

"Mimi nangoja sauti yako, nikishiba nitalala."

"Uongo wako unahitaji chumvi, Tuyi."

Mji wenyewe haukuwa na kicheko. Benki zilikuwa zimefungwa, ndege haikutua tena, na risasi zikilia watu walilala chini sakafuni, wakaamka asubuhi wakasalimiana kama kawaida. Katikati ya hayo wawili hawa walipendana haraka, kama watu wanaovuka barabara.

Héritière hakumficha jambo. Siku moja, mikono ikiwa ndani ya udongo, alimwambia: "Mama yangu Dancille alikuwa Mutwa wa Idjwi. Yeye ndiye alinifundisha kubumba mbele ya kufa. Kama itakusumbua, sema sasa."

"Itanisumbua nini?"

Alisema kwa moyo safi. Lakini nyumbani kwao, mtaa wa Katoyi, hakulitaja hata siku moja. Ukoo wa mama yake, Mukakalisa, ni wafugaji wa milima ya Masisi. Huko walinunua mitungi ya Batwa, kabila la Dancille, na kupikia maharage, lakini aliyeufinyanga mtungi hakupewa kikombe cha nyumba anywe. Alimiminiwa maji kwenye jani. Ukimuuliza mzee wa ukoo sababu, atakuambia ndivyo ilivyokuwa, na uso wake hautaona haya.

Kisha Muzee Onésime, msanii mkongwe wa mji, akawaita wote wawili katika mnyororo wake. Walikuwa wasanii tisa wa miji ya kandokando ya ziwa. Wa kwanza anatengeneza kitu. Wa pili anakipokea, anakijibu kwa ufundi wake, anampa wa tatu jibu lake tu. Kila kazi inasafiri na karatasi moja: jina lako, na jina la aliyekufundisha. Tuyisenge alikuwa wa nne, Héritière wa tano.

Mchoro wa Tuyisenge ulifika Murara ukiwa umekunjwa ndani ya nailoni. Ulimwonyesha Mukakalisa ameketi mlangoni, kama alivyokuwa tangu ng'ombe wake kumi na saba waporwe, mume wake auawe, naye atembee siku nne kwa miguu kuingia mjini. Héritière aliutazama siku nzima. Kilichomshika ni mkono wa kuume. Ulikuwa umekunjwa juu ya goti, vidole vimezunguka hewa.

"Anashika nini?" akauliza kwenye telefone.

"Hashike kitu. Ndivyo anavyokaa."

"Anashika kitu, Tuyi. Hakipo tu."

Akaamua kukitengeneza: inkongoro, chombo cha maziwa cha wafugaji, ambacho siku zote huchongwa kwa mti. Yeye angekifanya kwa udongo, kwa kipimo cha mkono ule. Alitoa vijiwe kwa vidole, akaponda udongo mpaka ukaacha kulia, akapandisha kamba ya udongo juu ya kamba, akasugua kwa jiwe laini la ziwani. Alikausha kivulini siku kumi. Moto wa kwanza, wa nyasi na matawi ya mikaratusi ndani ya duara la mawe, ulikipasua. Alikuwa na haraka. Cha pili kilichanika mdomoni. Cha tatu alikizungukia tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi, na jioni kikatoka chekundu na doa jeusi ubavuni, kizima.

Kabla ya hicho cha tatu alikuwa ameomba jambo moja: kumsalimu mama wa Tuyisenge. Alitaka kuupima mkono.

Walienda Katoyi Jumapili baada ya misa. Héritière alivaa gauni la kitenge cha kijani, mikono mifupi, nywele amezisuka kwenda nyuma. Chumba kilikuwa cha mbao, kitanda kimoja, na juu ya kasha vikombe viwili vya bati vyenye maua. Vikombe hivyo ndivyo vyombo pekee vilivyotoka Masisi.

Mukakalisa alimshika mkono kwa muda mrefu. "Karibu, mwanangu. Uko muzuri. Na kazi unafanya gani?"

Héritière akafungua mdomo. Tuyisenge akawahi: "Dekorasyo, Mama. Anapamba ma-salle ya arusi."

"Kazi ya furaha," mama akasema, akamimina chai katika kimoja cha vile vikombe viwili. Héritière alikunywa. Alikimaliza, akakirudisha juu ya kasha.

Barabarani alisimama katikati ya pikipiki zinazopita.

"Arusi gani nimepamba mimi?"

"Cheri, ngojea. Mama alipoteza kila kitu. Nikimwongezea na hii—"

"Hii ni mimi."

"Sikusema hivyo. Na ile karatasi ya Muzee Onésime... si ungeandika tu ulifundishwa kwenye formation fulani, mafunzo ya mjini? Mama atakuja kwenye maonyesho kuona picha yake. Ni karatasi tu."

Héritière alimtazama mpaka akainamisha macho. "Mama yangu hana kaburi lenye jina," akasema. "Ana hiyo karatasi."

Akapanda pikipiki. Hakupokea simu yake tena. Alipeleka inkongoro kwa Onésime mwenyewe, na karatasi yake.

Siku ya maonyesho ya kazi tano za kwanza ukumbi wa shule ulijaa, madirisha wazi, joto. Mukakalisa alikuja na kitenge chake cha heshima, akasimama mbele ya uso wake wa makala, akatikisa kichwa. Kisha akakiona chombo pembeni. Bila kuuliza ruhusa alikichukua.

Kikaingia mkononi kama kilichozaliwa humo.

Mama alifunga macho, akakigeuza kidogo, akakiinua mpaka karibu na midomo. Alitabasamu, jambo ambalo mwanawe hakuwa ameliona kwa miaka miwili. "Nani alijua mukono yangu?" akauliza.

Onésime, kwa furaha yake, akasoma karatasi kwa sauti: "Héritière wa Murara. Nilifundishwa na mama yangu Dancille, Mutwa wa Idjwi, mubumbaji."

Mukakalisa alifumbua macho. Alikirudisha chombo mezani, taratibu, asikivunje. Kisha akapangusa kiganja kwa kitenge. Akapangusa tena.

"Tuyisenge," akasema. "Ulijua?"

Héritière alikuwa hatua tatu kutoka kwao. Tuyisenge alimwona. Aliona pia mkono wa mama yake, ungali unapangusa kitenge.

"Hapana, Mama," akasema. "Sikujua."

Héritière hakulia mbele yao. Alikusanya pochi yake, akamuaga Muzee Onésime kwa adabu, akatoka juani. Wiki hiyo hiyo inkongoro ilipanda boti ya Bukavu kwa msanii wa sita.

Siku kumi na tisa zikapita. Asubuhi ya ishirini, mvua ikinyesha, Tuyisenge alisimama kwenye mlango wa Murara na mfuko wa nguo. Shati halikuwa limepigwa pasi.

"Nimesema," akatamka.

"Ulisema nini? Rudilia maneno yenyewe."

"Nilisema: Mama, nilijua tangu mwanzo. Nilikudanganya Katoyi, nikamukana mbele ya watu. Mama yake ni Mutwa, na ni yeye nitaoa."

"Na mama?"

"Alinisikia mpaka mwisho. Kisha alichukua kile kikombe ulinywea, akaenda kukitupa chooni. Akanionyesha mulango."

Héritière akaketi kwenye kigoda. Kikombe kimoja kati ya viwili. Mwanamke yule alikibeba siku nne, kupitia njia zenye maiti, akafika nacho kizima, ili akitupe kwa sababu ya midomo ya Héritière.

"Utaweza kuishi na hiyo?" akauliza. "Si leo. Miaka makumi. Watoto wakiuliza bibi iko wapi."

Tuyisenge alifikiri. Maji yalimtiririka usoni. "Sijui," akasema.

Tangu Kituku, hilo ndilo neno lake la kwanza ambalo Héritière aliliamini bila kulipima.

"Ingia, utaugua. Na kesho utamupelekea mama yako maji. Na kesho kutwa. Asipofungua, acha bidoni mulangoni, urudi."

"Na sisi, Héri? Sisi je?"

"Sisi tutaoana," Héritière akasema, akimpa kitambaa kikavu. "Muite padri, andikisha siku. Kanisani, upande wako, benchi itabakia wazi, na mimi nitaitazama. Lakini usiniombe nicheke siku hiyo."