Panapolia Bu

Yaliyompata rafiki yangu mmoja, fundi tunayemwita Pimamaji, hayajamtoka mwilini mpaka leo. Shangazi yake alimwita amzibie chumba cha chini ya ardhi kisiingie maji. Mafundi watatu walishashindwa, na mama wa watu alikuwa amekata tamaa.

Pimamaji alichimba mtaro kando ya ukuta, kwa nje, hadi kwenye msingi. Kabla ya kupaka lami aliugonga ukuta kwa nyundo, kama kawaida yake. Panapolia ngo ni pazima. Panapolia bu pana uwazi ndani, naye hupazungushia duara la chaki ili pabomolewe. Alichora maduara sita.

Kisha akashuka chumbani na tochi kutazama kwa ndani, shangazi akimfuata kwenye ngazi. Tochi ikazimika. Nje, kule mtaroni, nyundo ikaanza kugonga.

"Kumbe umekuja na mwenzako?" shangazi aliuliza.

"Niko peke yangu, shangazi. Na nyundo ninayo hapa kiunoni."

Ngo, ngo, ngo. Mlio ulitembea polepole ukutani hadi ukafika pale Pimamaji alipoegemea. Bu. Ukarudia palepale. Bu. Halafu wakasikia chaki ikikwaruza, ikizunguka taratibu.

Walipotoka hawakukuta mtu wala nyayo. Maduara ukutani yalikuwa yaleyale sita.

Jioni, alipovua shati aoge, Pimamaji aliliona la saba kifuani pake. Amelisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, hata kwa msasa. Lipo.