Kitambaa Kilichofuliwa

"Hii ni kweli tupu! Nikiongopa, nibebe maganda ya mtaa mzima," aliapa Mzee Chumvi. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna hadithi aliyoiacha bila kuitia chumvi. "Miaka thelathini nimeendesha tingatinga jalalani. Moshi ulikuwa mzito, nikatundika kofia hewani, ikakaa! Mnaniona nakohoa?"

Majirani walicheka. Mkewe, mshonaji, naye alicheka, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

Kila asubuhi mzee alichoma taka karibu na dirisha la mkewe: maganda mabichi, majani, mifuko ya plastiki. Hazikuwaka. Zilifuka tu.

"Baba, acha kuchoma," alisema jirani yao, mwuguzi. "Moshi una chembe ndogo kuliko vumbi la unga. Zinapita puani, zinatua mapafuni. Wa jalalani, wa magari, wa taka zako, wote ni ndugu. Asubuhi hewa imetulia, moshi haupandi. Na mama ana pumu."

"Moshi unafukuza mbu, binti yangu."

"Haya, tushindane. Tundika kitambaa cheupe ndani, dirishani, siku saba. Kikibaki cheupe, nitanyamaza. Kikichafuka, huchomi tena, na maganda ya mtaa unabeba. Si uliapa mwenyewe?"

Siku ya sita kitambaa kilikuwa rangi ya jivu. Mzee alikifua, akakianika, akakirudisha. Mkewe alimwona. Akainamia cherehani yake, akaendelea kushona.

"Umeshinda, baba," mwuguzi alisema kesho yake, akatikisa kichwa.

Moto ukaendelea. Mwezi haukwisha. Asubuhi moja, moshi umejaa chumbani, mama alibanwa na kifua. Walimkimbiza hospitali. Hakurudi.

Baada ya mazishi, mwuguzi alikuja kusaidia kukunja nguo. Nyuma ya cherehani alikuta kitambaa kingine, kimebanwa kwa pini mbili. Kilikuwa cheupe zamani, sasa rangi ya jivu.

"Baba, hiki cha nani?"

Mzee alikipokea.

"Chake. Kile changu nilikifua."

"Mama alijua?"

"Alijua. Aliniona nikikifua, hakutaka nichekwe."

Mwuguzi akakaa chini. "Pumu alikuwa nayo, baba. Moshi uliizidisha."

"Nifundishe," alisema mzee.

Walichimba shimo. Maganda chini, majani makavu na udongo juu. Yakioza vizuri yanakuwa mbolea. Plastiki wakaiweka kando, ichukuliwe na mkusanyaji.

Sasa Mzee Chumvi anapita mlango kwa mlango na ndoo mbili, anabeba maganda ya mtaa mzima. Hakuna anayechoma taka tena. Mtoto wa fundi viatu, aliyekuwa akikohoa kila asubuhi, siku hizi analala mpaka kuche.

Kitambaa kipya kinaning'inia dirishani, karibu na cherehani isiyo na mtu. Kina vumbi kidogo la barabarani, lakini jivu hakina.

"Mzee, hujakifua hicho?" majirani wanamtania, maana aliwaeleza mwenyewe alivyokifua kile cha kwanza.

"Sijakigusa," anajibu, akiinua ndoo zake.

Wala haapi.