Nani Anamwiba Kapteni Wangu?

Kila Jumamosi asubuhi Kocha alifagia chumba, akaosha vyombo, akakunja vitambaa vya mama yake aliyekuwa fundi cherehani. Hapo ndipo aliporuhusiwa kushika simu ya mama. Jina la Kocha alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya mchezo wa kupanga timu kwenye simu. Kila mwanafunzi alichagua wachezaji kumi na mmoja wa ligi kuu, akamteua mmoja kuwa kapteni. Mchezaji akifunga bao uwanjani, aliyemchagua hupata pointi. Kapteni akifunga, pointi hizo huwa mara mbili. Saa sita mchana upangaji hufungwa, na hapo kila mtu huona vikosi vya wenzake.

Kocha alikuwa anaongoza. Nyuma yake, karibu kabisa, alikuwa Njiti, msichana mwembamba wa chumba cha jirani, rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Lakini kwa wiki kadhaa sasa, kapteni wa Kocha ndiye alikuwa kapteni wa Njiti. Alipomteua beki waliyemwita Tingatinga, Njiti naye Tingatinga. Alipomteua kiungo asiye na jina kubwa, ambaye darasa zima lilimcheka, Njiti naye huyohuyo!

Kocha akaanza kumwekea macho. Njiti akija kuomba uzi, alitazama macho yake yanaelekea wapi. Akicheka, alijiuliza anacheka nini. Alibadilisha namba ya siri ya simu, kisha akaificha chini ya rundo la vitambaa. Wapi! Jumamosi iliyofuata kapteni akawa yuleyule.

Shuleni wenzao wakapata la kusema. "Kocha na kivuli chake hao!"

"Kivuli gani?" Kocha akafoka. "Huyo ni mwizi. Anaingia kwetu, anafungua simu ya mama."

Wote wakamgeukia Njiti. "Mimi?" Njiti akauliza kwa sauti ndogo.

Mwalimu wa michezo alikuwa mlangoni. "Hilo ni neno zito, Kocha. Njiti ndiye kapteni wa timu yetu ya darasa. Kama ni kweli, Jumatatu namvua kitambaa cha mkononi, nampa mwingine. Lakini nataka ushahidi, si maneno matupu."

Siku hiyo Njiti alirudi nyumbani peke yake.

Ijumaa jioni Kocha alimwomba mama simu kwa dakika moja, akatega mtego. Kwenye simu alimteua kipa wa timu ya mkiani kuwa kapteni, kipa anayefungwa kila wiki. Akaiacha simu juu ya cherehani, wazi kabisa. Njiti naye akimteua kipa huyo, kwisha habari yake! Kapteni wa kweli, mshambuliaji waliyemwita Twiga, angemrudisha dakika za mwisho. Siri hiyo alimwambia Bibi yake tu, waliyeishi naye chumba kimoja, maana Bibi alikuwa mtu wa sala na kila wiki aliwaombea makapteni wake. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito, kwa hiyo Kocha alimsemea sikioni.

"Bibi, kesho niombee Twiga. Goti linamsumbua."

"Twiga wa porini?"

"Bibi jamani! Twiga wa mpira."

"Haya, nitamwombea. Hata huyo ni mtoto wa mtu."

Jumamosi Kocha alikaa kizingitini, macho yote kwenye mlango wa jirani. Njiti alitoka na ndoo, akapita bila salamu. "Anajikausha huyo," Kocha akawaza. Alivyozama katika kulinda, saa sita ikapita.

"Mama yangu!" Akakimbilia simu. Kapteni wake alibaki kuwa kipa. Na kapteni wa Njiti? Twiga.

Kocha akaketi chini. Kama Njiti angefungua simu, angemwona kipa. Twiga hakuwa ndani ya simu. Twiga alikuwa kichwani mwa Kocha, na kichwani mwa Bibi. Akamgeukia Bibi kwa jicho la pembeni.

"Bibi, habari za Twiga umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Kweli?"

"We mtoto, unanihoji mimi? Nimemwambia Mungu tu."

"Ulimwambiaje?"

"Kama ninavyomwambia siku zote." Bibi akafumba macho, akavuta pumzi. "EE MUNGU! MTAZAME TWIGA! MPONYE GOTI, AFUNGE MABAO!"

Sauti iligonga mabati. Kumbe hivyo ndivyo alivyosali kila Jumamosi alfajiri, Kocha akiwa amekwenda kuchota maji. Ukuta wa vyumba vile viwili haukufika kwenye paa. Kocha aliuona uwazi ule tangu azaliwe, wala hakuwahi kuufikiria. Kutoka upande wa pili mtu akaitikia:

"Amina!"

Ilikuwa sauti ya Njiti.

Kocha akaenda kwa jirani, miguu mizito. Njiti alikuwa amekunja kitambaa chake cha ukapteni, tayari kukirudisha.

"Umekuja kunipekua?"

"Makapteni wako unawapata wapi?"

"Kwa Bibi. Nilidhani anajua mpira kutuzidi sote. Nikasema, mtu akiombewa hivyo, lazima afunge."

"Hukujua ni makapteni wangu?"

"Nilidhani nawe unamfuata Bibi, kama mimi. Uliniuliza?"

Machozi yakamtoka Kocha.

Bibi, aliyekuja akijikongoja nyuma yake, akawashika mikono wote wawili. "Mjukuu wangu, shaka humjia kila mtu. Lakini shaka inaulizwa, haitangazwi. Ulimwita mwenzako mwizi mbele ya darasa zima. Basi mbele ya darasa hilohilo utamsafisha."

"Nitaona haya, Bibi."

"Yaone. Mwenzako ameyaona bila kosa."

Jumatatu Kocha alisimama, akaeleza yote bila kujitetea, akamwomba Njiti msamaha. Mwalimu akamfunga Njiti kitambaa chake mkononi. Kipa alikuwa amefungwa mabao manne, Njiti akaongoza, na kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Kocha wa makipa!" Darasa likaangua kicheko. Njiti alicheka, na safari hii Kocha hakujiuliza anacheka nini.

Ijumaa iliyofuata Bibi aliuliza, "Wiki hii nimwombee nani?"

"Niombee mimi, Bibi. Nipate moyo wa kuuliza kwanza."

"Hilo ni ombi la maana. Nipunguze sauti?"

Kocha akautazama ule uwazi juu ya ukuta. "Hapana, Bibi. Paza."