Kona ya Sabina

"Soma jina kwenye jalada. Soma kwa sauti, Mwalimu."

Nyamburi alisimama mlangoni kwa Apolinary, Bweri, vumbi la bodaboda bado limemjaa miguuni. Kitabu alichokirusha mezani kilikuwa na jina la Apolinary. Maneno ya ndani, hadithi ya Sabina mwanika dagaa, yalikuwa ya Nyamburi mwenyewe, miaka miwili ya kuandika kwenye madaftari kijijini kwao Guta kila alipotoka shambani.

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai."

"Mchapishaji alitaka jina linalojulikana. Mimi nafundisha uandishi, watu wananijua kuanzia kwetu Butiama mpaka hapa Musoma. Wewe nani anakujua?"

"Ulisema niandike tu, kuchapisha nikuachie wewe."

"Si kimechapishwa? Keshokutwa wazee wangu wanakuja kwenu kuleta posa. Mume na mke ni kitu kimoja. Jina langu, jina lako, tofauti iko wapi?"

Mtu akishakosa haya hata macho hayapepesi. Huyu ndiye aliyemfundisha kwenye darasa la waandishi wa simulizi za mapenzi: anza katikati ya ugomvi, siri usiimwage mapema, mhusika mbaya usimtukane, mwache aongee mwenyewe. Nyamburi alimpenda akiwa dawati la mbele, kalamu mkononi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba bado alikuwa anampenda.

"Uzinduzi ni kesho saa nane mchana," Apolinary alisema kwa upole. "Njoo umependeza. Nitakutaja kwenye shukrani."

"Nitakuja."

Alipotoka tu alipiga simu kisiwani Rukuba, kwa Esta, kiongozi wa akina mama waanika dagaa. Kila sura aliyoimaliza Nyamburi aliisoma kwa sauti, akairekodi na kuituma kwenye kundi lao la wasapu. Wao waliisikiliza wakigeuza dagaa juani.

"Dada Esta, Sabina wangu ameibiwa."

"Nani kamwiba?"

"Mwalimu. Ameweka jina lake."

"Yule yule anayekuoa? Basi kesho hatuaniki, mdogo wangu. Tunakuja na boti ya asubuhi."

Siku ya pili ukumbi ulijaa. Apolinary alisoma vizuri, watu wakapiga makofi. Mchapishaji, Bi Prudence, akakaribisha maswali. Esta akasimama, akafunga kanga vizuri.

"Mwalimu, mimi naanikaga dagaa. Huyu Sabina kila siku anaanika dagaa kwenye mchanga wote, kona moja anaiacha wazi. Kwa nini?"

Apolinary akatabasamu. "Swali zuri, mama. Pale pana mawe. Nilitaka kuonyesha ugumu wa maisha."

Akina mama kumi na mmoja aliokuja nao walicheka kwa pamoja, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Hakuna mawe pale," Esta alisema. "Mume wake alikaa hapo siku ya mwisho, kabla hajapanda boti. Anamtunzia nafasi akirudi. Tulisikia hiyo mwaka jana."

Akainua simu. Sauti ya Nyamburi ikasikika ukumbi mzima, ikisoma neno kwa neno habari za Sabina na kona yake.

Bi Prudence alipekua kitabu. "Mbona huku haimo?"

"Ilikuwemo." Nyamburi alitembea mpaka mbele, akamkabidhi daftari. "Anatufundishaga ukurasa ukiwa na maelezo marefu, kata. Huo aliukata bila kuusoma."

Bi Prudence aliutazama msalaba wa wino mwekundu, akausoma ukurasa mpaka mwisho. Kisha akafunga boksi la vitabu.

"Leo hakiuzwi hata kimoja. Mwalimu, wewe tutaongea. Nyamburi, niletee madaftari yote."

Apolinary alijaribu kusema kitu. Safari hii hakuna aliyemsikiliza.

Jioni Nyamburi alikuwa amekaa na Esta ufukweni ujumbe ulipoingia: "Nisamehe. Jina litabadilishwa, naapa. Nakupenda. Wazee kesho waje au wasije?"

Alilia. Alikuwa amempenda kweli, na posa ile alishaitangaza kijiji kizima. Esta alimwacha alie, hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza akajifuta uso, akaandika:

"Wasije. Ile kona nimeshaanika dagaa."