Kadi Kwenye Mlango wa Jaji

Kila Jumamosi ya onyesho, asubuhi, kundi letu la maigizo lilikuwa na kazi tatu katika ukumbi wa mji: kufagia, kupanga viti na kupitisha kiti. Kufagia na kupanga viti kila mtu anakujua. Kupitisha kiti ni jambo la ukumbi wetu peke yake, na ndilo lililonitia aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Kiti chenyewe kilikuwa cha magurudumu, kikuukuu, kimechanika mgongoni, na gurudumu moja lililia kila lilipozunguka. Kilikuwa cha marehemu Jaji. Hakuwa jaji wa kweli. Alikuwa mwigizaji, na aliigiza jaji kwa miaka mingi hata watu wakawa wanamsimamisha barabarani awaamulie ugomvi wa viwanja. Siku moja, katikati ya mazoezi, alikanyaga mlango wa sakafuni ambao mtu alisahau kuufunga, akaanguka chini ya jukwaa. Hakutembea tena.

Aliporudi ukumbini na kile kiti, aliambiwa angoje wanaume wanne waje wambebe. "Mimi si gunia," alijibu, akageuza kiti akaenda zake. Tangu siku hiyo akaacha kuigiza, akaanza kudai haki za watu wenye ulemavu. Alizunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka kumi na mmoja, mpaka hospitali, posta na shule yetu zikawekewa njia za mteremko. Ukumbini alidai zaidi ya mteremko wa mlango wa mbele na ule wa kupandia jukwaani. Alisema mahali ambapo mtu anaweza kuingia lakini hawezi kutoka ni mtego. Basi nyuma ya jukwaa ikajengwa korido fupi yenye mlango mpana, unaofunguka nje kwenye mteremko wa zege. Tuliuita Mlango wa Jaji.

Akaacha na sharti. Kabla ya kila onyesho, mtu mmoja akae katika kiti chake, ajisukume kutoka jukwaani hadi nje, kisha aandike jina kwenye kadi iliyoning'inia upande wa nje wa mlango. Juu ya kadi Jaji aliandika kwa mkono wake: "Nimepita kwa kiti. Njia ni wazi." Bila jina, pazia halifunguliwi. Aliyesoma kadi alikuwa mjane wake, mtunza ukumbi, ambaye tulimwita Mama Funguo kwa ule mzigo wa funguo uliokuwa kiunoni mwake.

Siku ya onyesho letu zamu ilikuwa yangu. Wenzangu waliniita Upepo, maana sikuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu. Tangu asubuhi ile ukumbi haukunipendeza. Taa za jukwaani zilififia, zikawaka, zikafifia tena. Kulikuwa na harufu kama ya mpira uliosahauliwa karibu na jiko.

"Fundi, mbona kunanuka?" nilimwuliza fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi.

"Waya wa zamani huo, unanung'unika tu. Leo utatuvusha, kesho nitaubadilisha."

Nilisukuma kiti hadi koridoni, nikasimama ghafla. Fundi seremala alikuwa ameegemeza pale mbao sita za mandhari, kubwa kama milango, zilizochorwa ikulu ya malkia kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya mchezo. Pengo lililobaki lilimtosha mtu mwembamba. Nilikiacha kiti, nikapita ubavu ubavu kwa miguu yangu, nikausukuma mlango. Ukafunguka. Si unafunguka? nikajiambia. Kumtafuta seremala, kumngoja, halafu kukaa kwenye kiti kile chenye kelele mbele ya wavulana wanaoangua kicheko, na huku wenzangu wameshaanza kupakwa poda! Nilichukua kalamu nikaandika jina langu.

"Umepita?" Mama Funguo aliniuliza.

"Nimepita, Mama."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Kiti kimelia?"

"Kimelia."

Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza, na hilo ndilo lililonitisha.

Alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Mama yangu alikaa safu ya pili, amevaa nguo yake ya kutokea. Mimi nilikuwa mtumishi wa malkia, na malkia alikuwa Kasuku, rafiki yangu wa dawati moja, aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Jina la Kasuku alilipata kwa sababu mdomo wake haupumziki, hata ndani ya chumba cha mtihani.

"Upepo, leo umepitisha wewe?" aliniuliza kabla ya pazia kufunguliwa.

"Ndiyo."

"Basi roho yangu imetulia. Angekuwa yule mvivu wa safu ya nyuma, ningeanza kusali sasa hivi."

Nilicheka kwa meno tu.

Onyesho lilipofika katikati, taa zilififia tena. Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Ile harufu ilikuwa imekuwa nzito, ikinishika kooni. Nilimtazama Kasuku katikati ya jukwaa na taji lake la karatasi. Kati yake na mlango wa mbele kulikuwa na watu mia tatu. Nyuma yake kulikuwa na mbao sita. Nilijua upana wa kiti chake na upana wa lile pengo, na hakuna mwingine mle ndani aliyejua isipokuwa mimi. Nikisema, onyesho litavurugika na mama ataniona mwongo mbele ya mji mzima. Nikinyamaza, Kasuku hana pa kutokea.

Sikungoja zamu yangu ya kuingia. Nilikimbia nyuma ya pazia kwa Mama Funguo.

"Mama, nilidanganya. Sikupita kwa kiti. Korido imezibwa na mbao."

Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Alimshika seremala bega. "Mbao zitoke. Sasa hivi."

"Lakini Mama, onyesho linaendelea, tutapiga kelele..."

"Pigeni!"

Tulibeba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kibanzi kiliniingia kiganjani, sikukijali. Tulipoitoa ya tano nje, juu ya jukwaa kukasikika mlipuko! Taa zote zikazimika, na moshi ukaanza kushuka. Watu walipiga mayowe. Nilimsikia mwalimu akiwaita watoke safu kwa safu, na katikati ya moshi nikamsikia Kasuku, msemaji wetu, akiita neno moja tu bila kukoma: "Upepo! Upepo!"

Mama Funguo na seremala waliivuta mbao ya sita. Niliingia jukwaani nimeinama, nikashika mishikio ya kiti cha Kasuku, nikasukuma kwa nguvu zote. Magurudumu yalipita koridoni, mlango ukafunguka, tukashuka kwenye jua.

Fundi umeme alikata umeme, akauzima moto kwa mtungi wa kizimamoto. Ulikuwa umekula pazia moja, na hakuna aliyeungua. Alitoka na uso umejaa masizi, akirudia, "Nilisema kesho. Mimi nilisema kesho."

Pale pale kwenye majani nilimweleza Kasuku yote. Alikohoa, akavua taji lake la karatasi, akalikunjakunja.

"Nitakusamehe," alisema mwishowe, "lakini si leo."

Mama Funguo alikuja na ile kadi na kalamu, akaniamuru nilifute jina langu kwa mkono wangu. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama. Nilichora mstari huku machozi yakidondoka kwenye karatasi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mama Funguo. "Mume wangu alipigiwa makofi miaka ishirini, watu wakarudi nyumbani wakasahau. Alichotuachia ni mlango huu. Watu wanadhani unashikiliwa na zege. Hapana. Unashikiliwa na mtu anayeandika kwenye kadi kile alichokifanya kweli. Ukidanganya hapa, umeurudisha kuwa ukuta, na mtu wa nyuma yako hajui. Umesema kweli ukiwa umechelewa, ila umesema kabla ya moto. Ungengoja moto ukuseme, tungekuwa tunalia sasa. Mtu akikuamini amekutwika mzigo mzito, usiupokee kwa haraka."

Wiki tatu baadaye, nyaya mpya zikiwa zimewekwa, niliomba zamu. Nilikaa katika kiti cha Jaji, nikajisukuma kutoka jukwaani. Kililia korido nzima. Wavulana walicheka, na mimi nikaendelea, mlangoni, mteremkoni, mpaka chini.

Kasuku alikuwa ananingoja hapo, kadi magotini mwake. Tangu siku ile ya moshi hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu. Alinitazama, akatazama gurudumu, akaninyooshea kalamu.

"Nimekisikia kikilia," alisema. "Haya, andika."