Saa Moja ya Kunyonyesha

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Bado kulikuwa hakujapambazuka.

"Nani anakoroga huko?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Namtengenezea mtoto uji mwepesi."

"Marahaba. Uji kwa mtoto wa miezi mitatu?"

Mkwe wake aliendelea kukoroga. Alikuwa mshonaji wa mashati, na siku hiyo alikuwa anarudi kiwandani kutoka likizo ya uzazi. Mkobani alikuwa na karatasi ya msimamizi. Mama atakayetia sahihi kwamba ameacha saa yake ya kwenda kunyonyesha, atapewa mashine mpya.

"Mashine yangu inakata uzi kila mara, mama. Na uji atauzoea tu."

Bibi akatoka, akaketi. Zamani naye alishona kiwandani humo. Wenzake walimwita Mkasi kwa ukali wa ulimi wake. Leo alizungumza taratibu.

"Hiyo saa unajua ilitoka wapi?"

"Si ipo kwenye sheria? Wanawake kudai haki yalikuwa mambo ya enzi zenu. Sisi tumekuta kila kitu kipo."

"Mmekuta. Maji usiyoyateka huujui uzito wake, mwanangu. Mimi nilirudi kazini mtoto wangu wa kwanza akiwa na mwezi mmoja. Maziwa yalijaa, yakachuruzika. Ukitia doa shati, unafukuzwa. Basi tukaficha vitambaa kifuani, tukavikamua chooni. Mtoto nyumbani anakunywa uji."

"Mtoto wa kwanza si baba watoto?"

"Huyo ni wa pili. Wa kwanza aliharisha siku nne."

Mkwe aliweka kijiko chini.

"Tulipotoka kuzika," Bibi aliendelea, "wenzangu walizima mashine. Tukaingia kwa meneja, wanawake thelathini na mmoja. Kila mmoja akatoa kitambaa chake kibichi, akakiweka mezani. Watatu tulifukuzwa, nami nikiwemo. Ilipita miaka miwili ndipo saa hiyo ikapatikana. Mimi sikuitumia hata siku moja. Unaitumia wewe."

"Na mashine yangu, mama?"

"Fundi aje aitengeneze. Ndiyo kazi yake. Usinunue mashine kwa maziwa ya mtoto."

Uji ule alipewa binti mkubwa, wa miaka mitano. Alikunywa mpaka akalamba kikombe.

Kiwandani, mshonaji alirudisha karatasi bila sahihi.

"Wenzako wanne wametia," msimamizi alisema. "Wewe una nini?"

"Nina mtoto. Na mashine yangu inahitaji fundi."

Wakati wa chai aliwasimulia wale wanne habari za vitambaa. Mmoja, aliyezoea kucheka kila kitu, alifuta macho kwa pindo la shati la kiwanda. Kisha wakaenda pamoja kudai karatasi zao. Msimamizi alizitoa, uso umemkunjamana. Mashine mpya zilibaki bila watu. Fundi aliitwa kesho yake.

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, mshonaji alitembea haraka hadi nyumbani. Bibi alikuwa mlangoni, mtoto begani, ndiyo kwanza anaanza kutafuta titi kwa mdomo. Mama alinawa mikono, akaketi, akampokea. Chumba kikatulia. Bibi aligeukia dirishani.

Binti mkubwa aliwatazama wote watatu.

"Mama amefika kabla mtoto hajalia," alisema.