Mistari Sita ya Chaki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, nilikuwa na kazi ambayo sipendi hata kuikumbuka. Nilikuwa nageuza mbao.

Banda la baba lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Pasiansi, chini ya jabali kubwa. Mbao za msonobari zilikuja kwa meli kutoka Ukerewe zikiwa mbichi, zinanukia utomvu mpaka chumbani. Baba alizipanga safu juu ya safu, akaweka vijiti kati ya safu ili hewa ipite, na juu kabisa akaweka mawe. Upande unaotazama juu ulikauka haraka, upande wa chini ulibaki na unyevu. Kwa hiyo kila wiki ilibidi mawe yashushwe, mbao zigeuzwe moja moja, kisha mawe yarudishwe. Nikimaliza, nilichora mstari mmoja wa chaki kwenye kichwa cha kila mbao. Mbao haikuguswa na randa mpaka iwe na mistari sita.

Nilikuwa darasa la sita mwaka huo wa 1993. Baba yangu, Mayala, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba katika kiwanda cha nguo, akihudumia mashine za kufuma. Useremala alifundishwa na mjomba wake, akawa anaufanya Jumapili tu. Kisha ukaja wakati wa ruksa, serikali ilipofungua biashara kwa kila mtu. Watu wakafungua maduka, wakajenga, wakataka vitanda na makabati. Mwezi wa nne baba akaandika barua ya kuacha kazi, akaipeleka mwenyewe kwa meneja. Meneja aliisoma, akamwambia nafasi yake ataishikilia mpaka mwisho wa Agosti, endapo atabadili mawazo.

Mama alishika maneno hayo ya meneja. Hakugombana na baba, lakini ovaroli yake ya bluu ya kiwandani aliifua, akaikunja, akaiweka sandukuni juu ya nguo zote. Naye Mzee Chenge, jirani yetu aliyebaki kiwandani, kila asubuhi alipita na baiskeli yake na kupiga kengele mbele ya banda.

“Mayala, king'ora kimelia. Masikio yako yamejaa vumbi la mbao?”

“Wewe nenda, Chenge. Usije ukachelewa kwa ajili yangu,” baba alimjibu, huku akiendelea kupiga randa.

Mwezi wa sita baba alileta mbao nyingine, pana kuliko zile za kwanza, akazipanga nyuma kabisa, karibu na jabali. Kulifikia rundo hilo ilibidi nipite ubavu ubavu, na mawe yake yalikuwa mazito. Wakati huohuo mwalimu alinichagua katika timu ya netiboli, na mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza rafiki yangu Rose alinikuta nimemaliza rundo la mbele tu.

“Odeta, tunachelewa,” aliniita kutoka uani.

Nilichukua chaki, nikachora mstari kwenye mbao zote za nyuma, nikakimbia. Nilijiambia Jumamosi ijayo nitazigeuza mara mbili. Jumamosi iliyofuata nilichora tena. Baba siku hizo alikuwa mjini akitafuta wateja, na mama alikuwa sokoni. Baada ya wiki sita rundo la nyuma lilikuwa na mistari sita mizuri, iliyonyooka, na mimi sikuwa nimeshusha hata jiwe moja.

Ndipo akaja Bi Sihaba. Huyu mama alikuwa akiuza vitenge Soko Kuu, na hapakuwa na mfanyabiashara pale asiyemjua. Binti yake, Fadhila, alikuwa anaolewa mwanzoni mwa Septemba. Alitaka kabati la nguo la milango miwili.

“Fundi, watu wa sokoni wote watakuja kutoa mkono wa pongezi,” alimwambia baba. “Kabati litasimama sebuleni walione. Likiwa zuri, hutapata nafasi ya kulala kwa wateja. Likiwa baya, na hilo nitawaambia.”

Baba alichagua mbao za nyuma kwa sababu ya upana wake. Alihesabu mistari kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. “Odeta amenisaidia sana,” alimwambia mama. Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali, na chakula kikanishinda.

Alilifanyia kazi kabati lile siku kumi na mbili. Lilipokamilika hata mama alikuja kufungua na kufunga milango yake, ikaingia sawasawa bila kugusa popote. Baba alilipaka vanishi, akaliacha likauke.

Baada ya wiki moja milango ilikuwa imepinda. Mmoja ulitoka nje kwa juu, mwingine kwa chini, na katikati palibaki uwazi wa kuingiza mkono. Baba aliifungua, akaikwangua, akaifunga upya. Kesho yake ilipinda zaidi. Alirudi kwenye rundo, akaangalia mistari ya chaki, akaihesabu tena: sita.

Aliketi juu ya gogo, akatazama viganja vyake. Mimi nilikuwa nafagia maranda, sikuthubutu kuinua uso.

“Mbao zimekauka,” alisema taratibu. “Basi kasoro ni mimi. Miaka kumi na saba nimeshika mashine, nikadhani naweza kushika randa. Mama Odeta, nitolee ile ovaroli. Jumatatu nakwenda kuripoti.”

Mama hakufurahi. Nilidhani angefurahi, kwani ndicho alichokuwa akikingojea, lakini alisimama mlangoni na mkono shavuni. Kisha akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Baba yangu alikuwa anajiondolea ufundi wake mwenyewe kwa sababu ya chaki yangu. Niliweka ufagio chini, nikapiga magoti mbele yake.

“Baba, mikono yako haina kosa. Zile mbao za nyuma sikuzigeuza. Hata mara moja. Nilichora tu.”

 Kisha akasimama, akaenda nyuma, akashusha mawe na kuinua mbao moja iliyobaki. Upande wa juu ulikuwa mkavu, mweupe. Akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa bado na unyevu, umekolea rangi.

“Mbao iliyogeuzwa hukauka pande zote mbili,” alisema. “Nilisoma chaki, sikuisoma mbao. Hilo ni langu. Haya mengine ni yako.” Sauti yake haikupanda, na hilo liliniumiza zaidi. “Vaa viatu. Tunakwenda kwa Bi Sihaba.”

Tulimkuta Bi Sihaba sokoni, amezungukwa na vitenge vyake.

“Shikamoo, Bi Sihaba.”

“Marahaba, binti. Fundi, kabati tayari?”

Baba alinisogeza mbele. Nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, wateja wakisikiliza. Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta.

Bi Sihaba alikunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka chini. “Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo,” alisema. “Fundi, ungeweza kuniletea limepakwa rangi, nikaona ubaya wake nyumbani mwangu. Umekuja kuniambia. Una mbao zilizokauka kweli?”

“Ninazo. Ni nyembamba, itabidi niziunganishe.”

“Ziunganishe. Alhamisi nitakuja kufungua hiyo milango mwenyewe.”

Wiki ile sikwenda mazoezini, na hakuna aliyenilazimisha. Baba aliunganisha mbao za rundo la mbele, zile nilizozigeuza kweli, mimi nikazishika akipaka gundi. Jumatatu Mzee Chenge alipita akapiga kengele. Baba aliitika kwa mkono, akaendelea na kazi.

Siku ya kupaka vanishi, baba aliomba kitambaa cha kusugulia. Mama alitoka na ile ovaroli ya bluu, imepigwa pasi vizuri kabisa. Alishika mkono mmoja wa ovaroli, akaupasua hadi begani, akampa.

“Chukua,” alisema. “Iliyobaki itatosha vitambaa vya mwaka mzima.”

Alhamisi Bi Sihaba alifungua milango, akaifunga, akaifungua tena. Ilifungika bila kulia. Aliita wabebaji, na kabla ya kuondoka aliniambia neno moja tu: “Endelea hivyohivyo.”

Jioni baba alinipeleka kwenye rundo la nyuma, akaniwekea kipande cha chaki kiganjani.

“Hizi zinaanza upya,” alisema. “Jumamosi utazigeuza na utachora wewe. Mwanangu, watu watalala juu ya vitanda vyetu na kufunga nguo zao katika makabati yetu bila kutujua. Hawataona tulivyofanya kazi. Watatuamini tu. Ukidanganya mahali ambapo hakuna anayekuona, atakayeumia ni yule aliyekuamini, kama nilivyoumia mimi.”

Jumamosi nilishusha mawe yote. Nilipomaliza mgongo uliniuma, na ndipo nikachora mstari wa kwanza.